Mguu Uliolala Siku ya Ndoa Yangu

Kuanguka nimeanguka sana maishani, kwenye matope ya Magindu, kwenye baiskeli, hata kwenye mtihani mmoja nisioutaja, lakini nilivyoanguka Kibuta siku ya ndoa yangu, mbele ya sheikh na ukoo mzima wa mke wangu, mpaka leo nikikumbuka nikiwa peke yangu nafunika uso kwa mikono. Nawasimulia kwa sababu Mwanaidi mwenyewe ameshaanza kuwasimulia majirani, na yeye kila akirudia anaongeza chumvi.

Kwanza mjue kazi yangu. Nafundisha baiolojia sekondari ya huku Gwata, na wiki ileile ya ndoa nilikuwa namalizia na kidato cha tatu mada ya mfumo wa fahamu, yaani ubongo, uti wa mgongo na neva zinazotawanyika mwili mzima mpaka kwenye ncha za vidole. Nilichora mtu ubaoni, nikawaambia wanafunzi kwamba neva ndiyo inayopeleka amri ya ubongo kwenye mguu na kurudisha habari za mguu kwenye ubongo, na ukiibana kwa muda mrefu mawasiliano yanakatika, mguu unakufa ganzi. Nilieleza vizuri sana siku ile (nilijisikia kabisa), na kengele ilipogonga nikaenda zangu kuoa.

Tulifika Kibuta asubuhi, mimi, baba yangu, wazee wetu wachache na Festo, mwalimu mwenzangu wa jiografia ambaye ni Mlutheri lakini siku hiyo alivaa kofia ya viua nzuri kuliko zetu sote. Ndoa ilikuwa inafungwa nyumbani kwa kina Mwanaidi, barazani, na watu walikuwa wameketi kwenye mikeka. Navua viatu mlangoni, naona soksi ya mguu wa kulia imetoboka na kidole gumba kimetoka chote nje, kinang'aa.

"Vua zote mbili, ingia pekupeku," Festo akaninong'oneza. "Nani atakuangalia miguu?"

Ushauri mzuri, wa bure, wa mtu mwenye akili zake. Mimi nikaona hapana, bwana harusi mzima na koti lake na kanzu ya kutarizi aingie pekupeku kama anatoka kisimani, nikaamua nitaukunja huo mguu na kuukalia, hakuna atakayeona kitu. Ndiyo hapo nilipoharibu.

Maana sheikh alikuwa na mawaidha, na baada ya mawaidha mzee mmoja akaomba aongezee, na mwingine akaongezea ya yule aliyeongezea. Mwanzo mguu uliuma, nikavumilia. Baadaye ukaacha kuuma, nikashukuru (mwalimu wa baiolojia huyo, mguu umekata mawasiliano na yeye anashukuru). Hatimaye sheikh akanigeukia kwa upole.

"Bwana harusi, sogea hapa mbele umpe mkono mzee."

Mzee mwenyewe ni Mzee Shabani, baba yake mkubwa Mwanaidi, ndiye aliyekuwa anamwozesha kwa sababu baba mzazi alishafariki. Nikainuka. Yaani upande mmoja uliinuka, ule mwingine haukuwa na habari kwamba tunaondoka, na nikaenda chini kama gunia la mkaa lililoteleza kwenye baiskeli, kichwa kikamwangukia Mzee Shabani mapajani, mkono ukapiga sinia, kahawa na kashata zikamwagika kwenye mkeka.

Sauti ya mtu nyuma ikasema, "Kiharusi hicho," na habari ilipofika jikoni nilikuwa nimeshapooza upande mzima.

"Kijana, mguu umefanyaje?" Mzee Shabani akaniuliza.

"Haupo, baba," nikamjibu (ukweli mtupu, lakini si jibu la kumpa mtu anayetaka kukukabidhi binti).

Nikaona nieleze kitaalamu ili watu watulie. "Si ugonjwa, baba. Ni neva zimebanwa tu. Ubongo unatuma amri ila haifiki."

Mzee Shabani sikio lake moja ni zito. Akawageukia ndugu zake. "Anasema ubongo wake haufiki."

"Hapana mzee, ubongo wake ni mzima," Festo akadakia, "mimi nafanya naye kazi kila siku." Na hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika, kwa sababu mtu ambaye rafiki yake analazimika kumtetea ubongo hadharani, huyo tayari ana kesi.

Mzee Shabani akaiokota kofia yake, akaikung'uta, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Sheikh, tusimame kwanza. Huyu mtoto niliachiwa na marehemu mdogo wangu. Siwezi kumpa mtu mwenye maradhi ya kuficha. Wampeleke zahanati, tutazungumza siku nyingine."

Nilimtazama baba yangu, nikamwona anaangalia mkeka. Wazee wetu wawili walishaanza kutafuta viatu vyao. Moyo ulinishuka kweli, ndugu zangu, maana nilimsubiri Mwanaidi muda mrefu, na sasa alikuwa ukuta mmoja tu kutoka nilipo, nami nampoteza kwa ajili ya soksi.

Nilitaka kuomba nisikilizwe, lakini ndipo mguu ukaamua kuamka. Mnaijua ile hali, neva zinaanza kurudisha habari zote kwa pamoja bila mpangilio, ubongo hauelewi ni moto, ni baridi au ni siafu, basi nikawa najinyonganyonga pale chini, nacheka na machozi yananitoka. Bibi mmoja mlangoni akatikisa kichwa. "Basi si kiharusi. Huyo amepandwa na pepo."

Ganzi ilipopungua Mzee Shabani akaniinamia. "Mtu mzima anaukaliaje mguu muda wote huo mpaka ufe? Niambie sababu."

Nikaona lililobaki ni kusema kweli. "Soksi imetoboka, baba. Niliona aibu." Nikaunyoosha mguu, na kidole gumba kikatokeza mbele ya kadamnasi.

Hakucheka. "Na nitajuaje kwamba neva zako ni nzima?"

Nikaomba kiti, nikakaa miguu ikining'inia, nikamwonyesha pale chini kidogo ya goti, nikamwambia agonge kwa ubavu wa kiganja. Akagonga, na mguu ukaruka wenyewe, ukamgonga muundi. Akarudi nyuma, akautazama. Akagonga tena, safari hii akisimama pembeni, ukaruka tena.

"Huo si wewe unayeurusha?"

"Si mimi, baba. Habari ya kugongwa inapanda mpaka kwenye uti wa mgongo, amri inatoka palepale, mguu unaruka. Ubongo unakuja kujua baadaye, mambo yameshafanyika."

Mzee Shabani akafikiri kidogo. "Kama mimi ndani ya nyumba hii," akasema, na mkewe akasikika akicheka nyuma ya pazia, kisha baraza zima likafuata. Ndugu zake wakaja mmoja mmoja kunigonga goti, sheikh naye akaomba ajaribu (aligonga kistaarabu kuliko wote), na bwana harusi nimekaa kwenye kiti cha plastiki narusha mguu kama mbuzi. Walipotosheka, Mzee Shabani akanishika mkono, na ndoa ikafungwa nikiwa nimenyoosha miguu yote miwili mbele kama mtoto anayesubiri uji.

Jioni tuko kwenye gari la kukodi tunarudi, tumeshaipita Kisarawe, mke wangu kando yangu, nami najiandaa kuomba msamaha. Nikamwambia, "Mwanaidi, nimekuaibisha kwenu."

Akavua viatu polepole. "Mimi shangazi zangu walinikalisha kitandani tangu asubuhi wakaniambia bi harusi hajitikisi. Miguu yote ilishakufa, nikawa nalia ndani ya shela, wao wanasema ni uchungu wa kuagana. Uliposikika umeanguka, wote wakakimbilia dirishani, ndipo nikapata nafasi ya kujinyoosha."

Tangu siku hiyo nimeapa, mkutano uwe wa nani, awepo mkuu wa shule au mkuu wa nini, mguu wangu ukianza kuuma naunyoosha, na anayetaka kutazama atazame, kwa sababu aibu ya kusema "naumia" ni ndogo kuliko ile ya kuanguka. Lakini jioni ile sikumwambia Mwanaidi lolote la busara. Niliichukua miguu yake nikaiweka mapajani kwangu, nikaikanda taratibu, na tulipofika Mlandizi alikuwa ameshasinzia.