Fisi Asiyeogopa Gari

Wanafunzi wa chuo kikuu walimwita profesa wao Mama Fisi, tena hata mbele yake, naye wala hakununa. Profesa mwenzake wa tembo alipata wageni na wapiga picha. Yule wa ndege alipata mialiko kila mwezi. Yeye alipata fisi, ambaye hata kwenye hadithi za watoto hapewi jambo moja la heri. Mama yake mzazi, enzi za uhai wake, alimuuliza, "Mwanangu, wenzio wanaogopa kumpa fisi bucha, wewe umempa ujana wako wote?" Profesa akacheka, akabeba begi lake, akaenda zake porini.

Kazi yake kubwa ilikuwa kukaa. Fisi humkimbia binadamu, na mnyama anayekukimbia huwezi kumsoma. Basi kila siku alfajiri dereva wa idara aliendesha lile gari la dizeli mpaka karibu na mashimo yao, akazima injini, wakakaa kimya humo ndani. Kila msimu walisogea kidogo. Mwanzoni fisi walitimka wakisikia mngurumo tu. Baadaye waligeuza shingo. Mwishowe hata kichwa hawakuinua, na watoto waliozaliwa mashimoni walikua wakidhani gari ni kitu cha hapohapo, kama kichuguu.

Kwenye kiti cha gari hilo ndipo alipogundua kwamba ukoo mzima unatawaliwa na majike, na kwamba fisi wake waliwinda wenyewe badala ya kungoja makombo ya simba. Kwa hayo akapata uprofesa na ofisi yenye dirisha. Nyumbani mumewe alizoea kula peke yake. Binti yao aliwahi kusema mezani, "Fisi wana bahati, wao wanamwona mama kila siku." Watu wakacheka. Profesa naye alicheka, ila lilimuuma.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Swala wakaisha, fisi wakaanza kuvunja mazizi. Wafugaji walilalamika ofisi ya wanyamapori mpaka wakachoka, wakaambiwa subirini. Wangesubiri nini, mbuzi wamekwisha? Wakaazima gari la dizeli, wakachukua bunduki na mikuki.

Profesa alipofika, mashimoni palikuwa na nzi tu na mizoga. Alimjua kila mmoja kwa madoa yake. Kiongozi wa wafugaji, mtu wa makamo aliyempoteza mbuzi wake wa mwisho wiki ileile, hakumkimbia.

"Mama, pole," alisema. "Sikufichi. Tulijua tutawafukuza mchana kutwa. Lakini waliposikia gari walibaki wametulia. Wadogo walitusogelea wenyewe."

Profesa alikaa chini kwenye vumbi. Hakuwa na wa kumlaumu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo alikuwa ameishona mwenyewe.

Alibaki jike mmoja kijana, ambaye siku ile alikuwa mbali. Wafugaji walisema wazi kwamba naye watamrudia. Profesa aliomba ahamishwe, akajibiwa kwamba hakuna bajeti ya kuhamisha fisi. Jambo lililobaki lilikuwa moja: kumfundisha kuogopa watu, upesi, kabla wafugaji hawajamfundisha kwa risasi.

Asubuhi iliyofuata walimkuta amelala kando ya shimo tupu. Kwa mara ya kwanza profesa alishuka garini mbele ya fisi aliye hai, mawe mkononi. Jiwe la kwanza lilipita pembeni. Fisi akalisogelea, akalinusa.

"Mpige kwelikweli, Profesa," dereva alisema, macho ameyapeleka kwingine. "Ukimwonea huruma leo umemuua."

La pili lilimpata ubavuni. La tatu lilimpata puani, damu ikatoka. Profesa alikuwa akilia na kumtukana kwa matusi ambayo hakujua kama anayajua. "Nenda! Nenda, mjinga wewe! Nenda, mwanangu!" Fisi akapiga yowe, akageuka huku na huku akitafuta pa kujificha, akaingia uvunguni mwa gari.

Profesa akapiga magoti, akainama. Fisi alikuwa amejibana kwenye gurudumu la nyuma, anatetemeka. Alipomwona akarudi nyuma, akaonyesha meno. Hakuwa amewahi kumfanyia hivyo. Profesa alifurahi, na furaha yenyewe ilimchoma moyo.

"Ameanza kuelewa," alimwambia dereva.

Hapo ndipo waliposikia mngurumo nyuma ya kilima. Gari jingine la dizeli, linapanda polepole. Fisi akasimamisha masikio. Akatoka uvunguni kwa upande wa pili, akajilamba damu, akaanza kuchechemea kuelekea kule sauti inakotoka.

Profesa alimkimbilia huku akipiga kelele. Fisi aligeuka mara moja, akamwona anakuja, akaongeza mbio.