Kirikuu, tope na mada ambayo sijaisoma

Leo nusura nimponde shemeji yangu kwa kutumia fizikia.

Najifundisha mwenyewe kwa kitabu cha sekondari. Nimefika pale wanaposema kitu chepesi husukumika kirahisi kuliko kizito. Nikaridhika na hilo.

Asubuhi tumetoka Kitandililo na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, iliyojaa viazi vya Mama Tumaini, mke wa kaka yangu. Kwenye mlima wenye tope ikagoma. Matairi ya nyuma yanazunguka, gari halisogei.

Nikasema, "Tushushe magunia. Gari likiwa jepesi litapanda."

Tukashusha yote. Mama Tumaini akasimama nyuma na jiwe, tayari kuzuia tairi.

Dereva akaachia breki, akakanyaga mafuta.

Matairi yakazunguka bure zaidi kuliko mwanzo, gari likaanza kurudi nyuma. Taratibu, jamani, lakini linarudi. Na buti la Mama Tumaini limenasa kwenye tope.

Hakupiga kelele. Aliinama, akalisukumiza jiwe chini ya tairi.

Gari likasimama kiganja kimoja kutoka kwenye goti lake.

"Shemeji," akasema, "hicho kitabu kinasemaje kuhusu mguu wangu?"

Nikatoa kitabu begini, nikafunua mada inayofuata, msuguano. Kumbe ule uzito ndio uliokuwa unayakandamiza matairi yashike ardhi.

Tukarudisha magunia, safari hii tukayabana juu ya matairi ya nyuma. Bado Mama Tumaini hakuridhika.

"Panda juu, shemeji. Leo na wewe ni gunia."

Nikapanda. Gari nalo likapanda.

Wenzangu mnaojifundisha wenyewe, huwa mnaishia mada ya ngapi kabla ya kuanza kushauri watu?