Shangazi Mwenye Masharubu

Juzi mjukuu wangu alijifunga kitenge changu, akainamisha mgongo na kuniigiza nikitafuta miwani, huku mwenzake akimrekodi kwa simu. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Walipokwenda nilibaki nimekaa, rafiki yangu, akili yote ikiwa Buyenzi, mtaa nilikokulia, miaka michache baada ya uhuru, siku ambayo familia yetu nzima ilijigeuza mbele ya kamera.

Baba alikuwa karani bandarini. Alivaa koti hata jua likiwaka, na alikuwa mtu asiyecheka. Mama akikaanga ndagala, dagaa wa kwetu, uani, sisi watoto tulipiga kelele tulivyotaka. Baba akivuka mlango tu, redio inapunguzwa, na hata vijiko tulijitahidi visigonge sahani. "Nyumba hii si soko," alisema kila jioni. Babu alifariki walipokuwa ndiyo kwanza wamehamia kutoka Congo, baba akiwa bado kijana. Mama yake, yaani bibi yangu, na dada yake mdogo wakawa mzigo wake. Nadhani hapo ndipo alipoacha kucheka.

Huyo dada yake, shangazi yangu, alichumbiwa na seremala wa Bukavu, kule Congo. Wazee wa kule walikuwa hawajawahi kutuona, wakaomba picha ya familia. Baba alilichukua ombi hilo kama mtihani. Nguo zilipigwa pasi ya makaa tangu asubuhi, nasi tukaongozana hadi studio ya jirani yetu mpiga picha. Mle ndani mlikuwa na pazia lililochorwa ndege, simu ya mezani ya pambo tu, na sanduku la kofia na tai za kuazima. Akatupanga kama watu walio kanisani. Tulikaza shingo, akapiga.

"Imebaki moja kwenye filimu," akasema. "Mucheze kidogo, hii mi nawapa bure."

Bibi ndiye aliyeanza. Alimvua mwanawe koti taratibu, akalivaa, akakaa kwenye kiti kikubwa na kukunja uso. "Kimya!" akanguruma. "Nyumba hii si soko!"

Ilikuwa sauti ya baba kabisa. Tukaangua kicheko, kisha tukakikata ghafla na kumtazama mwenyewe. Alisimama na shati lake, mikono imelegea, kama mtu aliyejiona kwa mara ya kwanza. Bibi hakutabasamu. Alimkazia macho tu.

Basi baba akachukua kitenge ambacho bibi alikuwa amejitanda, akajifunga kiunoni, akashika mgongo. "Uuwi, mugongo wangu! We mutoto, niletee maji. Apana hiyo, ile ya mutungi!"

Ndivyo bibi alivyonituma kila siku. Sikujua kama baba huwa anasikia. Hapo studio ikalipuka. Mama akavaa mfuko wangu wa shule, nilioubeba kwa ajili ya picha, na kutia kidole mdomoni. Mimi nikajifunga kilemba chake, kaka yangu akanyakua simu na kuanza kufokea wafanyakazi wasiokuwepo. Shangazi, bibi arusi mtarajiwa, alijichora masharubu kwa mkaa, akavaa kofia na kupanua kifua. Mpiga picha akapiga huku mabega yakimtikisika.

Siku chache baadaye alikuja nyumbani amenywea. Ile picha ya heshima ilikuwa imeingia mwanga, imeungua yote. Iliyotoka ni ile nyingine. Na dereva wa lori aliyekuwa aipeleke Bukavu alishaanza kufunga turubai.

"Hii haiendi," baba akasema. "Watasema sisi ni wendawazimu. Ndoa itavunjika."

Shangazi alikuwa akichambua mchele. Akaweka ungo chini. "Kaka, mi ndiye naenda kuishi nao. Kama hawajui kucheka, heri nijue sasa, si nikiwa kule peke yangu."

Baba akamgeukia bibi, akitafuta msaada. "Ni yeye anaolewa," bibi akasema. "Si wewe."

Picha ikaenda. Siku zile za kungoja, shangazi alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, na baba hakumaliza chakula chake. Dereva aliporudi hakuteremka hata kwenye lori.

"Wanauliza, mwenye masharubu ndiye bibi arusi?"

"Ndiye," baba akajibu kwa sauti ndogo.

"Mama mukwe amecheka mpaka ameketi chini. Anasema aje, lakini ajinyoe kwanza!"

Shangazi alikimbilia ndani, tukamsikia akicheka na kulia kwa pamoja.

Harusi ilifanyika, akahamia Bukavu, na picha ile ikabaki huko kwake, kwa kuwa ilikuwa moja tu. Usidhani baba alikuwa mtu mwingine baada ya hapo. Ila jioni nyingine, sahani zikigongana, alifungua mdomo kusema yale maneno yake, akamtazama bibi, akayameza.

Kisha ikaja miaka mibaya ya vita, ikatutawanya. Studio ilifungwa, na mpiga picha hatukumwona tena. Bibi, baba na mama tumewazika. Shangazi naye, katika kukimbia kwake huko Congo, alipoteza karibu kila kitu, picha ikiwemo, na sasa naye hayupo tena. Tumebaki mimi na kaka, na kila tukikutana tunabishana. Mimi namkumbuka baba pale studio akicheka mdomo wazi, meno yote nje. Kaka anaapa kwamba hakucheka, alitabasamu tu. Tunabishana hadi chai inapoa, na hakuna mtu mwingine wa kumuuliza.