Kengele ya Mama Hanifa

Kiharusi kilimchukua Rukaya upande wa kulia pamoja na sauti. Mume wake, Mselemu, muuza vitenge wa Singida Mjini, alimlaza chumba cha nyuma ya duka ili awe karibu naye. Lakini wateja wakijaa hakuweza kujua mkewe anahitaji nini, naye Rukaya hakuweza kuita.

Mselemu tangu ujana alipenda kufungua redio mbovu na kuzitengeneza. Akatengeneza kengele: swichi ya kubonyeza mkononi mwa Rukaya, waya kupita mlangoni, king'ora kidogo juu ya meza ya duka. Mara ya kwanza ilipolia, Rukaya alicheka kwa nusu ya uso. Akabonyeza tena na tena, hata wateja wakacheka naye.

Halafu siku moja ya mnada duka lilijaa. Mselemu alipoingia ndani alimkuta mkewe sakafuni, amelowa, kidole bado kinabonyeza. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, kwa nje ukionekana mzima.

Aliupeleka pamoja na kengele kwa Ignas, kijana anayeuza vipuri vya redio karibu na stendi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hebu niambie, hii imekosa nini?"

Ignas aliukunja waya mara mbili. "Huu ni wa uzi mmoja, mzee. Unafaa ukutani, usipoguswa. Kwa mkono wa mtu unataka wa nyuzi nyingi, laini. Na hizi pini ulizochomeka tu zitachomoka. Tafuta konekta, vile viungio vya waya, yenye kufuli."

Waya laini ulikuwepo. Konekta hazikuwepo. Ignas aliagiza Dar es Salaam, zikaja kwa basi, pini zake zikiwa zimebanana kuliko matundu ya kengele. Zikaagizwa nyingine. Hizo zilikuwa za kiume tupu, hazina za kike za kuingilia. Mselemu alizipanga mezani, akazijaribu moja moja huku miwani ikimteleza puani, na mteja akiuliza bei alijibu bila kuinua kichwa.

Zilizofaa zilifika mwishowe. Zilipoingia zilitoa mlio mdogo, zikakaza. Alivuta waya kwa nguvu, haukuachia.

Lakini wakati akizisubiri, kiharusi kilikuwa kimerudi. Alimfunga Rukaya swichi kwenye mkono wa kushoto, taratibu.

"Bonyeza, Mama Hanifa."

Mkono haukusogea. Aliihamishia kidoleni, kisha chini ya shavu. Rukaya alikuwa akitazama dari.

Hanifa, binti yao, alisimama mlangoni na bakuli la uji. "Baba, mama hawezi tena."

"Labda swichi ni ngumu. Nitatafuta nyepesi zaidi."

"Baba."

Mselemu aliibonyeza mwenyewe. Dukani kengele ililia safi kabisa, na mwanamke aliyekuwa akichagua vitenge akageuka kuangalia. Rukaya hakugeuka.

Mselemu hakwenda tena kwa Ignas. Siku hizi duka hufunguliwa Hanifa akipata nafasi, na wateja wengi wamehamia kwa jirani. Mselemu hushinda kwenye kiti kando ya kitanda, akimgeuza mkewe ubavu huu na ule asipate vidonda. Akimsemesha, hajui kama anasikika.