Antene katika picha ya mkoloni

Jamani, mume wangu amenunua picha bandia leo mbele ya macho yangu, na bado ananichekea!

Tulienda mnadani hapa Kamembe kutafuta meza ya nyumba yetu mpya. Meza tu.

Mpiga mnada akainua picha ya rangi ya mlima wa Mururu. Eti ilichorwa na yule mkoloni katili aliyewachapa babu zetu viboko, na sahihi yake hii hapa! Watu wakaanza kupandisha bei. Mume wangu naye, mkono juu.

Nikasogea kuitazama vizuri.

Juu ya mlima kuna antene ya simu.

Antene!

Nikampazia mpiga mnada sauti: "Papa, huyo muzungu alikufa mbele ya baba yangu kuzaliwa. Antene aliiona wapi?"

Watu wakaangua kicheko. "Maman, labda aliiota," akajibu mpiga mnada, akijifuta jasho. Mikono yote ikashuka.

Isipokuwa mmoja.

Nikamvuta mume wangu shati. "Cheri, haujasikia? Ni ya uongo! Na meza je?"

"Antene niliiona mbele wewe uione," akasema. "Si pale ndiyo nilikuwa napanda kila magaribi kutafuta rezo, simu ishike nikupigie?"

Niambieni, mtu kama huyu mngemfanya nini?

Jioni tumekula mkekani, picha ikitutazama kutoka ukutani. Bado nimekasirika.

Lakini msumari nimeupigilia mimi mwenyewe.