Nilimwambia mjomba video ya mvua haina shida, akahamisha ng'ombe wake wote

Assalamu alaykum wakuu, na salamu kwa wote wa dini zote.

Hii habari nimeiandika na kuifuta mara nne. Leo naituma ilivyo. Majina nimebadilisha ili watu wangu wasisumbuliwe, lakini yaliyotokea ni haya haya, sijatia chumvi. Hata chumvi yenyewe ingekaa wapi.

Ni ndefu. Mwenye haraka apite tu, sitakasirika.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta kwenye sekondari moja hapa Garissa, naishi mtaa wa Iftin. Kila Jumamosi asubuhi huwa nafundisha watu wazima kwenye ukumbi wa mtaa, bure, somo la kutambua uongo wa simu.

Nilianza kwa sababu nilichoka. Leo inasambazwa dawa ya kisukari ya majani, kesho sauti ya sheikh akisema maneno ambayo sheikh mwenyewe hajawahi kuyasema. Mama mmoja jirani aliacha kumpeleka mtoto chanjo kwa ajili ya video ya dakika moja. Nikasema haya mambo mimi nimeyasoma, nikinyamaza nitakuja kuulizwa na Mungu.

Nilikuwa na chati yangu ya ukutani. Hesabu vidole. Angalia meno. Tazama kama midomo inaendana na sauti. Soma maandishi ya nyuma, herufi zikiwa zimepinda, hiyo ni kazi ya AI.

Niliipenda sana hiyo chati. Niliipeleka cyber ikawekwa plastiki, nikawa naibeba kwapani kama cheti cha chuo.

Sasa aingie mjomba.

Abti Nur ni kaka yake mama yangu. Kwetu Wasomali mjomba unamwita abti, na yeye anakuita abti vilevile, kwa hiyo tukipigiana simu ni abti kwa abti. Anafuga ng'ombe upande wa Eldas, kule Wajir. Alikuja Garissa kutibiwa goti akakaa kwetu wiki tatu, na kila Jumamosi alinifuata darasani kwa sababu nyumbani mama alikuwa anamtuma sokoni.

Alikaa mstari wa mbele. Hajawahi kuingia hata darasa la kwanza, lakini huyo ndiye alikuwa mwanafunzi wangu bora.

Nyumbani akawa anahesabu vidole vya watangazaji wa televisheni. Mama anamwambia, "Nur, kula, wali unapoa." Yeye anajibu, "Ngoja huyu aonyeshe mkono wa kushoto." Tulicheka sana zile wiki tatu. Nikikumbuka sasa, natamani goti lingechelewa kupona.

Akarudi kwake. Mvua ya Gu, ile tunayoingoja mwezi wa nne, ikakataa.

Hapa wa bara mnisikilize, maana ndipo penye uzito. Mfugaji wa kwetu hahami kwa kusikia. Ikija habari kwamba mahali fulani kumenyesha, anatumwa mtu kwenda kuona. Huyo mtu anaitwa sahan. Anakwenda siku mbili tatu, anaangalia nyasi zimefika wapi, maji ni kiasi gani, kuna ugonjwa au hakuna, nani ameshafika. Akirudi anawekwa katikati ya wazee na kuulizwa. Hawezi kusema "nimeambiwa". Anasema alichokiona, na akileta uongo, jina lake limeharibika hadi kwa wajukuu wake.

Sahan wa Abti ni Bare, mume wa binti yake, mwenye pikipiki.

Jumanne moja Abti akanitumia video. Sekunde arobaini hivi. Bwawa limejaa, nyasi mbichi, ng'ombe wanakula, na mzee mwenye fimbo anasema kwa Kisomali safi cha Wajir kwamba jana Mungu amewanyeshea, walio karibu waje. Jina la mahali limeandikwa chini. Mahali penyewe papo, ni mwendo wa siku tatu na mifugo kutoka kwa Abti.

Chini yake akatuma sauti. Nawatafsiria: "Abti, hii kila mtu kwenye group ameipata. Wengine wameshafunga mizigo. Nikimtuma Bare aende mpaka arudi, nyasi zitakuwa zimeliwa na waliotangulia. Wewe una macho ya haya mambo. Nipimie."

Nilikuwa staff room nasahihisha mitihani ya Form Two, kengele imebakiza dakika tano. Niliifungua bila sauti. Nikahesabu vidole vya yule mzee, vitano. Mkono wa pili, vitano. Meno sawa. Nikairudia mara moja.

Nikamjibu: "Abti, mimi sioni shida."

Nikabeba chaki nikaingia darasani. Jioni nilikuwa nimeshasahau.

Siku ya sita Bare alinipigia. Msomali akitoa habari huanza na amani, hata kama nyuma yake kunaungua. Akasema, "Tuko salama. Watu wote wako salama. Abti yako yuko salama. Bwawa ni kavu."

Nikamuuliza bwawa gani. Akasema, "Lile la video."

Walifika wakakuta udongo umepasuka. Hakuna nyasi hata ya kuchokolea meno. Kulikuwa na familia nyingine nne ambazo nazo zilikuja kwa video ile ile, wamekaa chini wanatazamana. Hakuna aliyekuwa na maji ya kumgawia mwenzake. Ikabidi wageuze.

Ng'ombe aliyedhoofika akilala hainuki mwenyewe. Mnamshika mkia na pembe, mnamsimamisha, anatembea kidogo, analala tena. Bare alisema walisimamisha mpaka mikono ikakataa. Baada ya hapo wakawa wanawachinja wale ambao bado walikuwa na pumzi, angalau nyama iwe halali, na wengine wakawaacha.

Waliondoka na ng'ombe thelathini na mmoja. Waliofika nyumbani ni saba. Wiki iliyofuata wakabaki wanne.

(Naongeza hapa kwa sababu kuna mkuu ameandika chini kwamba ukame ungewaua tu. Mkuu, nilitamani sana iwe hivyo. Lakini kule walikotoka kulikuwa na kisima cha zamani chenye maji kidogo. Jirani wa Abti alikataa kuhama, amepoteza sita. Sita tu.)

Abti ana miaka sitini na kitu. Hajui kazi nyingine na hajawahi kutaka kuijua.

Jumamosi iliyofuata niliipeleka ile video darasani. Sijui nilikuwa natafuta nini, labda nilitaka wote washindwe kama mimi ili nipate kupumua. Nikaiweka kwenye projekta, nikawaambia watafute kasoro. Darasani tunatumia Kiswahili kwa sababu tumechanganyika.

Nilikuwa bado naelekeza fimbo kwenye vidole vya yule mzee. Mama Habiba, anayeuza maziwa ya ngamia sokoni na Kiswahili chake kina lafudhi nzito ya Kisomali, akaniambia, "Mwalimu, wacha fidole. Hii ng'ombe nani alilisha?"

Nikamuuliza anamaanisha nini.

"Mtu anasema mfua nanyesha jana. Na ng'ombe nanona leo? Nyasi bado haitoki. Hata ikitoka, ng'ombe ya njaa nakula mwezi mzima kwanza ndio mbafu nabotea. Hii bicha ni ya uongo."

Ukumbi mzima ukaitikia "haa, kweli". Si mmoja, si wawili. Hata yule kijana wa duka la simu ambaye babake alikuwa mfugaji alitikisa kichwa. Waliona wote, kwa sekunde tano, bila chati.

Mimi nimezaliwa mjini, wakuu. Sijawahi kuchunga hata mbuzi wa jirani. Katika ile video ng'ombe mimi niliwaona kama pambo, kama maua nyuma ya picha ya harusi. Nilimwangalia mtu tu.

Nilipata aibu ambayo siwezi kuieleza. Nilifunga darasa mapema nikasema tumbo linaniuma.

Nikaanza kumtafuta mwenye video. Nikakuta ukurasa kwenye ile app ya video fupi fupi. Bwawa ni lile lile, mzee ni yule yule, ila kwenye nyingine jina la mahali ni Banissa, kwenye nyingine ni mahali pengine, na lafudhi ya mzee imebadilishwa ifanane na ya watu wa huko. Chini watu wamejaza MashaAllah na Amin. Mwenye ukurasa hakuna anachouza, hakuna anachoomba, anataka tu watu wafuate ukurasa.

Nilimwandikia. Nikamwambia kilichotokea, na idadi ya ng'ombe nikamtajia. Akajibu siku ya pili, ameweka alama ya kucheka, akasema yeye anawapa watu matumaini.

Nilikaa na simu mkononi nikitafuta tusi la kumfaa. Sikulipata.

Mama alimwita Abti aje akae kwetu. Alikuja, amepungua, hata goti lenyewe limerudi kuuma. Nilikaa siku tatu nikimkwepa ndani ya nyumba ya vyumba viwili, mnajua hiyo kazi ilivyo. Siku ya nne nikamuuliza. Nilitaka kujua jambo moja tu: mtu aliyezaliwa zizini, aliyeishi na ng'ombe maisha yake yote, kwa nini yeye hakuona alichokiona Mama Habiba?

Akaniambia, "Niliona, abti."

Akanyoosha goti lake, akaendelea.

"Niliona mara ya kwanza tu nilipoifungua. Nikamwambia Bare, hawa ng'ombe mbona hawana njaa? Halafu nikasema, mimi ni mtu wa zamani, haya ni mambo ya simu, yana mwenyewe. Nikakutumia. Ukasema huoni shida."

Alisema bila hasira. Angenitukana ningepata nafuu.

Huo ndio ukweli wangu wakuu, na majuto ni mjukuu. Nilikwenda kufundisha watu wasidanganywe, nikamfundisha mzee mmoja asiamini macho yake mwenyewe. Kabla ya darasa langu angemtuma Bare. Mimi ndiye niliyekuwa sahan wake safari hii, sahan aliyekaa kwenye kiti cha staff room na hakwenda popote.

Chati nimeitoa ukutani. Vidole AI imeshajifunza, kesho itajifunza na meno. Siku hizi nikisimama mbele ya darasa nawauliza kwanza wao wanajua nini kuhusu hicho kitu kabla simu haijawaambia. Mama Habiba anajua ng'ombe. Fundi anajua ukuta. Nesi anajua chanjo. Halafu nawauliza ni nani aliyekwenda mahali penyewe, jina lake na jina la baba yake. Kama hayupo, tunangoja arudi aliyetumwa, hata nyasi ziishe. Naamini hilo ni somo zuri kuliko la kwanza. Limechelewa tu.

Mngeniacha hapo ingekuwa afadhali, lakini kuna jambo lililonifanya niandike leo.

Abti bado ana ile simu. Kila siku baada ya swala ya alasiri anatandika mkeka barazani, anaegemea ukuta, anaitazama mpaka magharibi. Nilidhani anasikiliza mawaidha.

Jana nilipita nyuma yake nikasimama. Kwenye kioo kulikuwa na bonde la kijani, mvua nyepesi, ng'ombe wekundu wanakula. Akaitazama mpaka mwisho. Ikaja nyingine, bwawa na ng'ombe weupe. Akaitazama mpaka mwisho. Ikaja nyingine. Hii biashara naijua, naifundisha: ukikawia kwenye kitu, simu inakuletea ndugu zake. Imemjua mzee wangu vizuri kuliko daktari wake. Hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli, nyasi zenyewe zilikuwa zinang'aa kama rangi ya mlango.

Nikakaa kwenye mkeka. Nikamwambia kwa upole, "Abti, hizi zote ni za uongo."

"Najua," akasema. "Hawa hata kivuli hawana."

"Sasa unaangalia nini?"

Akanisogezea simu ili nami nione.

"Wanakula," akasema.

Wakuu, nimejifunza jinsi ya kumfundisha mtu asiyejua kwamba amedanganywa. Huyu anajua, na bado anaungoja uongo kila alasiri. Nimefikiria kumnyang'anya simu, nikaona sina uso wa kumnyang'anya kitu kingine.

Mwalimu, daktari, au yeyote aliyewahi kuuguza mzee wa namna hii, naomba aniandikie hapa chini. Wa kunitukana pia karibuni, nitasoma zote.