Tepe Nyekundu katika Msitu wa Madame

Harufu ya miiba mibichi ikiungua ni nzito na chungu, na ndani yake kuna utamu kidogo wa matunda meusi ambayo hatukuwahi kuyamaliza kuchuma. Kila ninapoisikia, hata leo, viganja hunitoka jasho. Katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa na miaka kumi, tuliishi Uccle, kusini mwa Brussels, katika kijumba cha matofali kando ya lango la mjane mmoja tuliyemwita Madame tu. Nyuma ya nyumba yake kubwa kulikuwa na msitu wake mwenyewe, uliotenganishwa na msitu wa umma kwa ua wa waya uliolala chini sehemu nyingi. Papa, baba yangu, aliyetoka Bukavu, ndiye aliyekuwa mtunza bustani wake. Kazi ile ilibeba kila kitu chetu: kijumba, shule yangu, na kibali cha kukaa kilichofanywa upya kila mwaka kwa barua ya Madame. Maman, mama yangu, aliiweka nakala ya barua hiyo ndani ya Biblia, na mimi nililijua hilo mapema mno kuliko mtoto anavyopaswa kujua.

Kwetu, kiwanja cha mtu anayejiheshimu ni kitupu. Unafyeka, unafagia hadi udongo ung'ae, kwa sababu ya nyoka na kwa sababu ya macho ya majirani. Papa aliihamishia desturi hiyo msituni kwa Madame. Kwa miaka mitatu alikata miiba, aking'oa vichaka na kuchoma majani yaliyodondoka, mpaka ungeweza kusimama dirishani petu ukaona mwisho wa miti yote. Wageni wa kanisani walipokuja Jumapili aliwatembeza humo, mikono nyuma, kama mwenye mali. Hakuna aliyemwambia kwamba anakosea. Madame alikuwa na miguu mibovu na hakuingia tena msituni, ila kila asubuhi alikaa na kahawa yake akiwangoja kulungu, wale wadogo wa rangi ya kahawia ambao yeye na marehemu mumewe walizoea kuwatazama wakitoka kwenye miti. Walipungua, kisha wakakoma kabisa. Mwisho akamwajiri mtaalamu, mtu ambaye kazi yake ni kuzunguka kwenye ardhi za watu na kuwaeleza wapande nini na waache nini ili wanyama warudi.

Alikuja Jumatano mchana, wakati ambao hatukuwa na shule. Alikuwa mrefu, mwenye buti za mpira na daftari lililofungwa kwa kamba. Papa alimwongoza, nami nikafuata nyuma yao. Mtu yule alipiga magoti, akapapasa udongo, akauliza ni nani aliyesafisha pale. Papa akajibu kwa fahari kwamba ni yeye, yote ni yeye. Mtaalamu akaandika. Kisha akaeleza, kwa upole ulionitisha kuliko ukali, kwamba kulungu hula machipukizi ya miiba, huficha watoto wao vichakani, na hawakanyagi mahali peupe wanapoonekana. Aliyesafisha msitu huo alikuwa amewaondolea chakula na malazi. Akatoa bunda la tepe nyekundu, akafunga moja kila mahali ambapo kichaka kiachwe kiote au mti mdogo upandwe. Akasema atarudi Jumatano ifuatayo amwonyeshe Madame yote. Mimi niliziona zile tepe kama wino mwekundu wa mwalimu kwenye daftari la Papa.

Jioni ile Papa hakugusa ugali wake.

"Alikuambia nini?" Maman aliuliza.

"Anasema ni miye nilifukuza banyama."

"Na Madame anajua?"

"Bado. Mercredi, wakati atarudia, atamuonesha."

"Alors, tutaenda wapi?"

 Nilimwona Maman akiitazama Biblia juu ya kabati. Wiki nzima niliogopa kengele ya mlango, niliogopa gari la posta, niliogopa hata Madame aliponipungia mkono. Jumanne, baada ya shule, nilimwaga vitabu kitandani nikaenda msituni na mkoba mtupu. Nilifungua tepe moja baada ya nyingine, nikizitia mkobani. Hakukuwa na mahali pa kujificha hata kidogo, kila mti ulisimama peke yake. Nilirudi mbio bila kugeuka.

Jumatano Madame alikuja kwa fimbo yake, ameshikwa mkono na mtaalamu. Walifika kwenye miti wakakuta hakuna hata tepe moja. Mtaalamu uso ukamwiva kwa hasira, akamgeukia Papa. Madame naye akamgeukia, akauliza ni nani aliyezitoa. Nilitaka kusema.  Kabla sijathubutu, Papa akavua kofia, akasema hilo ni jukumu lake, akaomba tepe nyingine. Akaanza kutembea na kufunga, mti kwa mti, bila kusita, na kila mahali akamweleza Madame mwenyewe: hapa nilikata miiba, nilidhani ni uchafu, hapa palikuwa na kichaka, nilikichoma. Mtaalamu alimfuata akilinganisha na daftari lake ukurasa kwa ukurasa. Walipomaliza, alimwambia Madame kwamba yeye ataweza kuja mara mbili tu kwa mwaka, lakini vichaka vinahitaji mtu wa kuvilinda kila siku, na mtu huyo tayari anaijua ardhi yote kwa kichwa. Madame alimuuliza Papa kama ataweza kuacha vitu viote ovyo. Papa alijibu kwamba itakuwa kazi ngumu kuliko kukata. Mwaka ule barua ilitoka, na iliyofuata pia, na siku moja asubuhi kulungu mmoja akasimama kwenye ukingo wa miti, masikio juu.

Leo mimi ndiye ninayeingia kwenye nyumba za watu na daftari. Natathmini wazee, nani anahitaji msaada wa kuogeshwa, nani hawezi tena kuishi peke yake. Nikiona mtoto amesimama mlangoni akiifuata kalamu yangu kwa macho, nalifunga daftari na kuomba maji ya kunywa. Papa sasa anaishi kwenye fleti huko Saint-Gilles, na mwezi uliopita, karibu miaka thelathini baadaye, nilimweleza habari za tepe.

"Nilikuona," akasema. "Nilikuwa kwa dirisha. Nilisafisha sana, hakukuwa hata kichaka ya kukuficha."

"Mbona hukunikataza, Papa?"

 Mkono wake ulifagia makombo mezani, na makombo hayakuwepo.

"Miye pia niliogopa. Nilitaka zitoke. Donc nikakuacha, mutoto wangu, nikashika mu kichwa kila muti ulipofungua tepe."

Miaka yote hiyo nilidhani kwamba msituni mule niliogopa peke yangu.